Kununua Pesa kwa Pesa

Matanga ya bibi yalipokwisha, kule Tabora, wakubwa walikaa barazani kugawana vitu. Kanga zilikwenda kwa mashangazi, cherehani akachukua mama mdogo, sufuria kubwa la pilau likazua maneno kidogo kisha likatulia kwa mjomba. Mwisho likabaki kopo la maziwa ya unga, mfuniko umeshika kutu, ambalo marehemu alikuwa akiwekea vifungo. Hakuna aliyelitaka. Nikalichukua mimi, kwa kuwa basi langu la Dar lilikuwa linaondoka alfajiri na niliona vibaya kutoka msibani kwa bibi yangu mikono mitupu.

Nililifungua tumeshapita Singida. Vifungo, sindano iliyopinda, kipande cha chaki ya fundi, na chini kabisa sarafu kumi na moja. Nane zilikuwa na tundu katikati, zimetungwa kwa uzi mweusi kama shanga. Nilizihesabu mara mbili, nikazisoma miaka yake kwa taa ya simu, na nilipofika Ubungo nilikuwa nimeshapata ugonjwa.

Mume wangu aliuona mapema. Wiki ya tatu alinikuta mezani na sarafu nyingine niliyoinunua, akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo sasa unanunua pesa kwa pesa?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, tuna watoto wawili na kodi ya nyumba, na mwezi wetu una tarehe ambazo huwa tunazipita kwa kunyata. Tukakubaliana: elfu kumi kwa mwezi, ndani ya bahasha, na bahasha ikiisha imeisha. Elfu kumi hapa Dar ni nauli ya daladala ya wiki moja na siku chache. Nisipoitumia mwezi huu inabaki, inamsubiri mwenzake wa mwezi ujao. Kukopa ni marufuku, na bahasha ya sarafu haikopeshi bahasha ya ada wala ya ada haiikopeshi hiyo. Kanuni hiyo ndiyo iliyonifikisha nilipo, ingawa mwanzoni niliiona ni kifungo.

Nilianza na zile zisizo na gharama. Mkusanyiko wangu wa kwanza kukamilika ulinigharimu shilingi 850 tu: hamsini yenye kifaru na mwanawe, mia yenye swala, mia mbili yenye simba wawili, na mia tano yenye nyati iliyoingia mitaani mwaka 2014. Zote nilizitoa kwenye chenji. Nikiwa kwenye daladala nilikuwa nageuza kila sarafu aliyonipa konda, naangalia mwaka, naangalia kama imechubuka. Konda mmoja alidhani nakagua kama amenipunja, akaniongezea mia. Sikumrudishia, nayo ilikuwa nzuri.

Huo ni mwanzo ninaomshauri kila anayeniuliza. Hauna hasara, maana ukichoka unaenda kununulia vitumbua. Na unakufundisha kuona. Baada ya mwezi mmoja wa kugeuza chenji unajua tofauti ya sarafu iliyotembea miaka ishirini na ile iliyolala kwenye droo, na hiyo tofauti ndiyo nusu ya bei ya sarafu yoyote duniani.

Nusu nyingine niliijua kwa kuharibu. Zile nane za bibi zilikuwa nyeusi-kahawia, na mimi nimelelewa kuamini kwamba kitu cha shaba kikiwa cheusi ni uvivu wa mwenye nyumba. Nikachukua ndimu na majivu, nikaisugua moja kama tunavyosugua masufuria ya shughuli. Ikang'aa, rangi ya waridi kama ngozi ya mtoto mchanga. Nikapiga picha, nikafurahi. Baadaye mzee mmoja wa Mji Mkongwe, Unguja, anayeuza vitu vya kale, aliishika kwa ncha za vidole, akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwanangu, hii umeichuna ngozi." Ule weusi si uchafu. Ni tabaka ambalo shaba imejivika yenyewe kwa miaka na miaka, na ndilo linaloilinda. Asidi ya ndimu inalila, na likishaondoka halirudi kama lilivyokuwa. Inabaki sarafu yenye mabaka. Sarafu yenye mabaka haina mnunuzi. Tangu siku hiyo, ikiwa na udongo naitumbukiza kwenye maji safi, naikausha kwa kuigandamiza na kitambaa bila kusugua. Basi.

Kosa la pili lilikuwa ghali zaidi.

Nchi hii kuna hadithi ya rupia, na kila mtu ana mjomba anayeijua. Wajerumani walipokuwa wanakimbia walifukia mali, kuna alama kwenye mwamba, kuna mti, na ndani ya chungu kuna rupia ambazo tajiri fulani anazinunua kwa mamilioni. Watu wazima wamechimba misingi ya makanisa kwa ajili ya hadithi hiyo. Mimi, mwenye shahada, nilidhani sijaingia humo. Kumbe nilikuwa nimesimama mlangoni. Kijana mmoja, nisiyemjua kabla wala baada, alinikuta stendi na rupia ya mwaka 1890, Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya chuma. Alitaka laki tatu. Tukashuka mpaka elfu themanini, nikajiona mjanja. Elfu themanini ni bahasha nane. Nilikuwa nimeweka tatu; tano nilizichukua pale pale kwenye simu, kinyume cha kanuni, nikajiambia nitazirudisha.

Nyumbani mtoto wangu mdogo aliivuta na sumaku ya mlango wa friji. Ikanasa pwa.

Rupia ya kweli ya Kijerumani ina uzito wa gramu 11.66 na fedha yake ni 917 katika kila 1,000. Fedha hainasi kwenye sumaku. Yangu ilipopimwa na sonara haikufika hata gramu kumi. Na jambo lililonichoma zaidi nilikuja kulijua baadaye: hata ingekuwa ya kweli, rupia ya mwaka wa kawaida iliyochakaa si mali ya kujengea nyumba. Zilitengenezwa nyingi, zimebaki nyingi, na bei yake inafuatana na bei ya fedha iliyomo, pamoja na nyongeza kidogo kwa ajili ya historia. Ujumbe unaozunguka WhatsApp kwamba sarafu ya bibi yako inatafutwa kwa milioni kumi umeandikwa na mtu anayetaka umtumie "ada ya usajili". Nunua sumaku kwanza, na mizani ndogo ya kidijitali. Hivyo viwili vitakulinda kuliko akili yako mwenyewe, maana akili siku ya tamaa huwa haipo.

Basi bahasha ikawa na deni la miezi mitano. Nilikataa kulifuta. Na kwa kuwa sikuweza kununua, nikasoma. Kuna orodha kubwa ya sarafu mtandaoni, Numista, ambayo ni bure kuitazama. Nilikaa nayo usiku kama wengine wanavyokaa na tamthilia. Ilikuwa katika miezi hiyo ya ukata ndipo nilipogundua kwamba sihitaji sarafu nyingi. Nilichokuwa nakitafuta nilikuwa nakifundisha kila siku darasani.

Angalia maneno tunayoyatumia kwa kitu hiki kimoja. Fedha. Pesa. Hela. Senti. Shilingi. Thumuni. Dala. Karibu kila moja lilikuwa kipande cha chuma au madini mkononi mwa mtu kabla ya kuwa neno tu. Nikaamua: sarafu moja kwa kila neno. Kamusi ya kushikika. Inaweza kutimia kwa bahasha ya elfu kumi, na nikiikamilisha nitajua nimeikamilisha, jambo ambalo mkusanyaji asiye na mpaka halijui mpaka anazikwa.

Pesa ilikuwa ya kwanza. Neno limetoka India, paisa, na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitoa pesa yake ya shaba: upande mmoja jina lake kwa maandishi ya Kiarabu, upande wa pili mizani. Miaka sita baadaye kampuni ya Kiingereza, Imperial British East Africa Company, ikatoa pesa ya Mombasa, nayo na mizani. Mwaka 1890 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ikatoa yake, tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Miaka minane, wenye pesa watatu, pwani moja. Ya Barghash niliipata kwa yule yule mzee wa Mji Mkongwe kwa elfu kumi na mbili baada ya mabishano na kahawa. Imechakaa, kwenye mizani imebaki sahani moja na nusu. Watalii hawaitaki kwa sababu haionekani vizuri kwenye picha, na ndiyo maana nimeimudu. Ushauri wangu kwa mwenye mfuko mwembamba ni huo: penda zilizochakaa. Sarafu iliyosagika imepita sokoni kweli.

Rupia moja ilikuwa na pesa 64. Wajerumani hawakuipenda hesabu hiyo, na mwaka 1904 wakaanza kutumia heller, mia moja kwa rupia. Hapo ndipo tulipopata hela. Ndiyo maana mtu akisema "sina hela" unajua amekulia upande huu wa mpaka. Kule Kenya heller haikutawala, wakabaki na pesa yao, wakaja kuitia kwenye simu na kuiita M-Pesa. Wanafunzi wangu huwa hawaamini. Nikiwapitishia hela yenyewe mkononi, ya shaba, ina taji na maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani, wanaacha kupiga kelele kwa dakika nzima, jambo ambalo ngeli za nomino hazijawahi kulifanya.

Fedha ilinisumbua. Neno lenyewe ni la madini, tumelifanya wizara, lakini sarafu ya fedha safi iko juu ya bahasha yangu. Suluhu nikaipata kwenye kopo la bibi, mahali ambapo ilikuwa siku zote. Mojawapo ya zile tatu zisizo na tundu ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki ya 1925, simba amesimama mbele ya milima. Shilingi hizo, tangu 1921 hadi 1946, robo yake ni fedha na zinazobaki ni madini mengine. Robo inanitosha. Baada ya hapo zikawa hazina fedha kabisa, na watu wakaendelea kuziita fedha.

Sasa zile zenye tundu. Nimeulizwa mara nyingi kuhusu ile ya 1936, nami nataka niiseme vizuri, kwa sababu ni sarafu ninayoipenda kuliko zote na bei yake ni ya soda chache. Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza tangu Januari 1936, na Desemba mwaka huo huo akakiacha kiti ili amwoe mwanamke aliyemtaka. Hakumaliza mwaka. Kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kuingia mitaani. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilikuwa na tundu katikati, hazina mahali pa kuweka sura ya mtu, kuna jina tu na taji. Hazikuhitaji kungoja mchoraji. Zikapigwa mapema, mamilioni kwa mamilioni, zikapakiwa melini. Kwa hiyo bibi wa Tabora akawa na jina la mfalme huyo kwenye uzi wake mweusi, na mchuuzi wa London hakuwa nalo mfukoni. Watu wanadhani ni adimu kwa sababu mfalme alikuwa adimu. Si adimu. Ukiuziwa kwa zaidi ya elfu chache, umeibiwa kistaarabu.

Uzi wa bibi ulikuwa unasomeka kama kitabu cha historia kilichochanwa kurasa. George wa Tano, Edward, George wa Sita mwenye cheo cha kaizari wa India, kisha George huyo huyo bila India kwa sababu India ilikuwa imeshajitawala, halafu Elizabeth. Kurasa mbili zilikosekana: senti tano na senti kumi za 1964. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimepata uhuru lakini benki zao kuu zilikuwa bado, kwa hiyo mwaka huo zikatoka senti zenye tundu zisizo na jina la mfalme wala malkia. Zimeandikwa EAST AFRICA, thamani na mwaka. Za kumi nilizipata haraka. Ya tano, kila niliyoonyeshwa ilikuwa imetobolewa zaidi, imepindwa, au muuzaji ameshajua naitaka.

Benki Kuu ya Tanzania ikafungua milango Juni 1966 na Nyerere akaingia kwenye sarafu. Hizi nilizipita haraka kwa sababu ni rahisi kuzipata: sulisuli kwenye senti tano, mbuni kwenye ishirini, sungura kwenye hamsini, mwenge kwenye shilingi. Ninachotaka mtu azitazame ni maandishi. SENTI TANO. SHILINGI MOJA. Miaka arobaini na tano watu wamesema shilingi, na chuma chenyewe kinasema kwa Kiingereza. 1966 ndiyo mara ya kwanza sarafu inaliandika neno kama mama ntilie anavyolitamka.

Sungura wa senti hamsini ndiye thumuni yangu. Thumuni ni moja ya nane kwa Kiarabu, yaani sehemu ya nane ya riale, sarafu kubwa ya fedha ya zamani. Riale ilipohesabiwa shilingi nne, sehemu yake ya nane ikawa senti hamsini, na jina likaganda hapo hata riale yenyewe ilipoondoka. Na dala ni ile shilingi tano yenye pembe kumi iliyoanza 1971, ambayo wengi husimulia kwamba ndiyo iliyokuwa ikiitwa na makonda milangoni mpaka gari zikabeba jina. Niliipata kwa kubadilishana. Kubadilishana nako ni bahasha ya pili: kila nilichonacho mara mbili nakiweka pembeni, na walimu wenzangu wawili sasa wameambukizwa, kwa hiyo chumba chetu cha walimu saa nne asubuhi kinafanana na kijiwe.

Kuhifadhi hakuhitaji hela nyingi. Boksi la viatu, vibahasha vya karatasi, penseli ya kuandikia mwaka na bei, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, maana joto la Dar lina chumvi. Mifuko laini ya plastiki sitaki kuiona. Inatoa kitu kinachoacha ukijani. Na sarafu za masultani wa Kilwa sizinunui hata nikipewa kwa bei ya karanga. Zile ni mambo ya kale, zina sheria yake, na mahali pake ni makumbusho.

Hela ya kawaida nilikuwa nayo, lakini moyo ulikuwa kwenye ya Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walifunga bahari, sarafu zikawa haziji kutoka Ujerumani, na utawala wa Kijerumani ukiwa umehamia Tabora ukaamua kutengeneza zake. Zilipigwa 1916 kwenye karakana ya reli, reli iliyofika Tabora mwaka 1912. Kulikuwa na ya dhahabu, rupia 15, tembo mbele na mlima nyuma, dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hiyo naitazama kwenye skrini kama watu wanavyotazama nyumba za Masaki. Lakini kulikuwa pia na hela ishirini, ya shaba nyekundu au shaba ya njano, na sehemu ya shaba hiyo ilikuwa maganda ya risasi za mizinga. Imepigwa kwa haraka; taji limekaa upande, ukingo haulingani, na chini kuna herufi T, ya mji alikozaliwa bibi yangu. Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora na kazi ikaisha.

Ilinichukua bahasha saba. Nilipoletewa nilitoa sumaku kabla ya salamu. Haikunasa. Uzito ukakaa sawa. Muuzaji akacheka, akaniambia walimu ndio wateja wabaya kuliko wote.

Desemba nikaipeleka kwao. Nilimkuta mama mdogo kwenye cherehani ile ile ya bibi, anashona sare za shule. Nikamwekea mkononi. Akaigeuza, akaivuta mbali na macho, akauliza, "Sasa hii inanunua nini?" Nikamwambia hainunui kitu. Nimeinunua kwa elfu sabini. Alinitazama kwa muda, kisha akainama tena kwenye kitambaa.

Nilipookota pini iliyoanguka ndipo nilipoiona. Kwenye pedali, chini ya nati ya boliti, mahali pa washa, kile kipete cha chuma, kulikuwa na senti tano yenye tundu. Nikawasha taa ya simu, nikalala chini kabisa sakafuni. Hakuna mfalme. 1964.

"Mama, hii—"

"Aliiweka mwenyewe mama," akasema bila kusimamisha mguu. "Ukiitoa, mashine haishoni."

Nikasogeza kichwa ili pedali isinigonge. Miaka yote hiyo, na ukingo wake bado uko safi.